Kiingereza Hakina Mbona

Kipindi cha tano, Bahi, saa sita kasoro robo,
bati linatatarika kwa jua,
nami naandika ubaoni kwa kipande cha mwisho cha chaki:
leo tunauliza.

Kwetu, nikawaambia, swali ni koo tu.
Mama yako amekwenda mnadani.
Mama yako amekwenda mnadani?
Hakuna neno lililoinuka kitini,
sauti peke yake imepanda kidogo
kama mtu anayechungulia juu ya ua wa miiba.
Na neno wapi hukaa mkiani, limetulia,
linangoja sentensi ipite yote, hadi behewa la mwisho,
ndipo nalo livuke reli.

Kwa Waingereza sivyo.
Kwao neno la kuuliza halipangi foleni.
Where hutoka nyuma, huwapita wenye sentensi yao,
hukaa mbele kama mgeni rasmi.
Kisha kitenzi kisaidizi humruka mtenda:
is kabla ya she, can kabla ya they.

Na pasipokuwa na msaidizi? akauliza Chidawali.
Huajiriwa kibarua.
Jina lake do.

Mnamjua, nikasema. Msimu wa mpunga
mmemwona pale mashineni,
hana jaruba, hana gunia lake,
lakini gunia la wakati hulibeba yeye:
mambo yakiwa ya jana huitwa did,
na went hutua mzigo, akabaki go,
akatembea mikono mitupu.
Wakacheka. Nikajiona mwalimu.

Ila who, akiwa ndiye mtenda, hamhitaji kibarua.
Nikaandika: Who drank the water?

Nilipoyataja maji
Sechelela akanyoosha mkono, wa kwanza tangu Januari.
Huyu, shule ya msingi, waliniambia,
aliuliza hadi kengele ikachoka.
Kidato cha kwanza kikamfunga mdomo:
swali analo, jinsi ya kulipanga hana.
Akasimama. Akashika dawati kwa mikono miwili.
Teacher, the water is salt why?

Sikuona maji. Niliona why mkiani,
niliona is haijaruka, na salt imekosa y yake.
Nikamsahihisha mbele ya wenzake hamsini na mbili.
Why is the water salty? Rudia.
Akarudia. Safi sana. Mpigieni makofi ya kilo.
Wakapiga.
Akaketi, akaendelea kunitazama
kama mtu aliyelipa na hajapewa chenji.
Nikafuta ubao.

Usiku huu chai ina vijiko vitatu vya sukari
na bado chumvi ya kisima inanigusa ulimi.
Birika limeota ukoko mweupe ndani, mnene kama ukucha.
Miaka kumi na mmoja nayanywa maji haya,
sijawahi kuyauliza kwa lugha yoyote.

Swali lake lilikuwa limefika.
Lilifika na vumbi miguuni, na ndoo kichwani,
nami nikasimama getini kulikagua sare.

Madaftari yapo mezani.
Lake nimelifungua la tatu, au la nne.
Why is the water salty? mara tano, mwandiko wa kulala,
why mbele, is imeruka, y ipo, alama ya kuuliza ipo.
Chini kabisa, kwa penseli, hafifu,
kama aliandika akataka kufuta akaghairi:
Mbona hukunijibu?

Nimepekua kichwa chote. Waingereza wana why,
wana how come ya vijiweni,
lakini mbona hawana,
lile swali linalouliza huku limeshika kiuno.

Kalamu nyekundu ninayo mkononi, nusu saa sasa.
Nje, mwenye punda anapita na madumu ya jioni yaliyobaki,
hana where, hana do,
anainua koo tu gizani, mlango kwa mlango:
Maji?